Mwenye cheo cha FIDE anastahili zawadi zipi? Mwongozo kwa waandaaji na wachezaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kila mashindano ya sataranji yanapotangazwa Mbeya, Iringa au Njombe, maswali ni yaleyale. Mwenye CM (Candidate Master, cheo cha FIDE, shirikisho la sataranji la dunia) anaweza kuchukua zawadi ya wenye reitingi ya chini ya 1800? FM (FIDE Master) akivuka Tunduma kutoka Zambia, anagombea zawadi zote? Asiye na reitingi akimaliza wa pili, anapewa ya wa pili au ya wasio na reitingi? Mwongozo huu ni wa katibu wa klabu, mwalimu wa shule au mwanafunzi wa chuo aliyekabidhiwa mashindano kwa mara ya kwanza. Mchezaji naye ana sehemu yake huko chini.

Shika hili kabla ya mengine yote: katika mashindano ya kawaida ya wazi, FIDE haimzuii mwenye cheo kuchukua zawadi. Anayezuia au kuruhusu ni wewe mwandaaji, kwa maandishi, kabla mchezo wa kwanza haujaanza. Usipoandika kitu, umeruhusu.

Cheo na reitingi ni vitu viwili

Reitingi ni namba inayopima nguvu ya mchezaji. Hupanda na kushuka, na FIDE hutoa orodha mpya kila tarehe 1 ya mwezi. Cheo ni cha maisha, isipokuwa FIDE yenyewe imvue mtu, kwa mfano kwa udanganyifu. Vyeo vya wazi ni vinne: GM au Grandmaster (reitingi 2500), IM au International Master (2400), FM (2300) na CM (2200). Vya wanawake navyo ni vinne, vikiongezewa W ya Woman mbele: WGM (2300), WIM (2200), WFM (2100) na WCM (2000). GM, IM, WGM na WIM huhitaji pia matokeo maalumu yanayoitwa normu.

Mtu anaweza kupata cheo kwa matokeo ya Olympiad (mashindano ya dunia ya timu za taifa) au ya mashindano ya kanda bila kupitia njia ya kawaida ya reitingi. Phiona Mutesi wa Uganda alipata WCM kwa matokeo yake ya Olympiad ya 2012 kule Istanbul. Kwa hiyo usishangae kumwona CM mwenye 1790 au WCM mwenye 1640. Hapo ndipo ugomvi wa zawadi unapozaliwa: cheo kinasema huyu ni mkubwa, namba inasema yuko chini ya 1800, na kanuni zako zimenyamaza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutangaza

- Fedha za zawadi mkononi au benki. Ahadi ya mfadhili si fedha.
- Orodha ya reitingi ya mwezi husika, umeipakua kutoka ratings.fide.com na kuihifadhi kwenye kompyuta na kwenye simu. Umeme au mtandao ukikatika asubuhi ya usajili, utaishukuru nakala hiyo.
- Programu ya kupanga raundi kwa mfumo wa Uswisi (kila raundi wenye pointi zinazolingana hukutanishwa), mfano Swiss-Manager, na mtu anayeijua.
- Fomu ya usajili yenye nafasi hizi: majina yote kama yalivyo FIDE, namba ya FIDE, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, shirikisho (TAN, ZAM, MAW, KEN na kadhalika), cheo, reitingi, na namba ya simu ya kupokelea fedha pamoja na jina lililosajiliwa kwenye laini hiyo.
- Kamati ya rufaa ya watu watatu na wawili wa akiba. Akiba ni muhimu, maana mjumbe akiwa na maslahi kwenye kesi lazima akae pembeni.
- Ukurasa mmoja wa kanuni za zawadi. Ukizidi ukurasa mmoja, hakuna atakayeusoma.

Hatua ya 1: Amua reitingi ipi itatumika

FIDE ina orodha tatu: mchezo mrefu, rapidi na blitzi. Mtu mmoja anaweza kuwa na 1850 kwenye mchezo mrefu, 1720 kwenye rapidi, na asiwe na kitu kwenye blitzi. Ili kujua mashindano yako ni ya aina gani, chukua dakika za kila mchezaji, ongeza nyongeza ya kila hatua mara 60 (sekunde 10 mara 60 ni dakika 10). Dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 ni 15 + 10, yaani 25: hiyo ni rapidi, ambayo ni zaidi ya dakika 10 na pungufu ya 60. Dakika 5 na sekunde 3 ni 5 + 3, yaani 8: blitzi.

Kisha andika: "Itatumika reitingi ya FIDE ya rapidi ya orodha inayotumika siku ya raundi ya kwanza. Asiye na reitingi ya rapidi atahesabiwa kwa reitingi yake ya mchezo mrefu. Asiye na zote mbili atahesabiwa kuwa hana reitingi."

Angalizo: sentensi ya pili ndiyo husahaulika zaidi. Bila hiyo, mchezaji mwenye 1950 ya mchezo mrefu ambaye hajawahi kucheza rapidi atagombea zawadi ya wasio na reitingi, na utakuwa umemruhusu mwenyewe.

Hatua ya 2: Gawa zawadi katika mafungu mawili

Fungu la kwanza ni zawadi za nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Fungu la pili ni zawadi za daraja: chini ya namba fulani, mwanamke bora, kijana bora, asiye na reitingi bora. Mfano wa Sh 1,500,000, ambao tutautumia hadi mwisho:

Nafasi ya kwanza Sh 500,000. Ya pili 300,000. Ya tatu 200,000. Ya nne 80,000. Mwanamke bora 100,000. Chini ya 1800: wa kwanza 120,000, wa pili 60,000. Asiye na reitingi bora 60,000. Kijana bora chini ya miaka 16: 80,000.

Zawadi za nafasi ziache wazi kwa kila mtu, mwenye cheo na asiye nacho, Mtanzania na mgeni. Tunasisitiza hili kwa sababu kila mwaka kuna mtu anapendekeza kumzuia FM wa nje asichukue ya kwanza. FM anayejilipia basi kutoka Lusaka hadi Mbeya hatakuja kwa ajili ya cheti. Na asipokuja, vijana wako wanapoteza mpinzani mwenye reitingi, wakati mchezaji mpya anahitaji michezo 5 dhidi ya wenye reitingi ili apate ya kwake. Mlinde mchezaji mdogo kwenye zawadi za daraja. Ziliwekwa kwa ajili yake.

Hatua ya 3: Weka mipaka inayoendana na namba za leo

Usinakili tangazo la zamani. Tarehe 1 Machi 2024 FIDE iliinua reitingi za mchezo mrefu za walio chini ya 2000: kila mmoja aliongezewa asilimia 40 ya pengo lake hadi 2000. Aliyekuwa na 1500 akawa 1700. Aliyekuwa na 1800 akawa 1880. Kiwango cha chini kabisa kikawa 1400 badala ya 1000. Tangazo linaloweka daraja la "chini ya 1400" siku hizi linatoa zawadi isiyo na mgombea hata mmoja mwenye reitingi.

Andika mpaka kwa namna isiyo na ubishi: "reitingi 1799 kushuka chini". Mwenye 1800 kamili atauliza, na jibu liwe tayari kwenye karatasi. Ongeza pia idadi ya chini ya wagombea, mfano: "Daraja lenye wagombea pungufu ya 5 litatoa zawadi ya kwanza tu."

Kwa umri, fuata hesabu ya FIDE: chini ya miaka 16 ni yule ambaye hakuwa ametimiza 16 kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka wa mashindano. Kwa mashindano ya 2026, ni waliozaliwa 2010 na kuendelea. Omba cheti cha kuzaliwa wakati wa usajili. Usingoje wakati wa kukabidhi bahasha.

Hatua ya 4: Andika kifungu cha vyeo

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote, kwa hiyo tutakaa hapa.

Anza kwa kutaja herufi za vyeo moja baada ya nyingine. "Wachezaji wakubwa" au "mabingwa" hayana maana ukumbini. Kuna njia tatu, na kila moja ni halali mradi imeandikwa.

*Njia A, ya reitingi peke yake.* "Zawadi za daraja zitatolewa kwa kufuata reitingi bila kujali cheo." Hapa CM mwenye 1790 anagombea chini ya 1800 kama mtu mwingine yeyote.

*Njia B, ya kuzuia vyeo vyote.* "Mwenye cheo chochote cha FIDE (GM, IM, FM, CM, WGM, WIM, WFM, WCM) hatastahili zawadi ya chini ya 1800."

*Njia C, ya kuzuia vyeo vya wazi pekee.* "Mwenye GM, IM, FM au CM hatastahili zawadi ya chini ya 1800. Wenye vyeo vya wanawake watahesabiwa kwa reitingi zao."

Sisi tunapendelea C. CM ameweka alama ya 2200 au matokeo yanayofanana nayo, na daraja la chini ya 1800 halikukusudiwa kwake. WCM inaanzia 2000, na huku kwetu wengi wanaoipata wako mbali na vilele hivyo. Kumzuia binti mwenye 1640 kwa sababu tu aliwahi kufanya vizuri kwenye timu ya taifa ni kumwadhibu kwa bidii yake. Lakini ukichagua B, iandike wazi, usiwaache watu wabahatishe.

Usimzuie mwenye cheo kwenye zawadi ya mwanamke bora. Neno "bora" hapo halina mpaka.

Kifungu cha vyeo kina matundu manne, yazibe yote:

Kwanza, asiye na cheo lakini aliyewahi kukistahili. Cheo hakiji chenyewe. Chama cha taifa hukiombea FIDE, na kuna ada. Mtu anaweza kufika 2250, asiombewe CM, kisha ashuke hadi 1780. Ongeza: "wala aliyewahi kufikisha reitingi ya 2000 au zaidi katika miezi 24 iliyopita." Historia ya reitingi iko wazi kwenye ukurasa wa mchezaji FIDE. Sentensi hiyo humzuia pia anayeshusha reitingi makusudi ili aje kuvuna daraja la chini.

Pili, vyeo vya mtandaoni. ACM, AFM, AIM na AGM ni vyeo vya Arena vinavyotolewa na FIDE kwa mchezo wa mtandaoni. AFM si FM. Waandaaji wengi huona herufi mbili za mwisho wakamzuia mtu bure.

Tatu, vyeo visivyo vya uchezaji. FA na IA ni waamuzi. FST, FI, NI na DI ni makocha. IO ni mwandaaji. Mwalimu wa shule mwenye DI na reitingi 1500 ni mgombea halali wa chini ya 1800.

Nne, vyeo vya taifa. Baadhi ya nchi hutoa NM (National Master), na kila nchi ina vigezo vyake. Andika kama unavihesabu au huvihesabu. Rahisi zaidi ni kutovihesabu na kuacha reitingi iamue.

Hatua ya 5: Andika kanuni ya zawadi moja

"Mchezaji atapata zawadi moja ya fedha tu, yenye thamani kubwa kuliko zote anazostahili. Zawadi anayoiacha itakwenda kwa anayefuata anayeistahili. Zawadi mbili zikilingana thamani, atahesabiwa amechukua ya nafasi." Sentensi hizo tatu hujibu nusu ya malalamiko yote. Kombe na medali ziache nje ya kanuni hii. Mtu anaweza kubeba bahasha ya nafasi ya pili na medali ya mwanamke bora.

Hatua ya 6: Chagua namna ya kutenganisha waliolingana pointi

Kuna njia tatu za kawaida. Tuseme wawili wamefungana nafasi ya pili na ya tatu, zawadi ni 300,000 na 200,000.

Kwa mpangilio wa orodha: anayetangulia kwa vigezo kama Buchholz (jumla ya pointi za wapinzani wake) anachukua 300,000, mwenzake 200,000. Kwa kugawana sawa: kila mmoja 250,000. Kwa mfumo wa Hort: nusu ya kila zawadi inafuata mpangilio (150,000 na 100,000), nusu iliyobaki, jumla 250,000, inagawanywa sawa, 125,000 kila mmoja. Wa kwanza wao anapata 275,000, wa pili 225,000.

Kama ni mara yako ya kwanza, tumia mpangilio wa orodha kwa zawadi zote. Ni mkali kwa anayepitwa kwa nusu pointi ya Buchholz, lakini unakokotolewa kwa dakika chache na hauna mlango wa ubishi. Taja vigezo kwa mfuatano wake, mfano: matokeo kati yao, Buchholz iliyokatwa mpinzani mmoja wa chini, Buchholz kamili, idadi ya ushindi.

Angalizo kubwa: ukichagua kugawana, kamwe usichanganye fedha za nafasi na za daraja kwenye chungu kimoja. Tuseme FM na mchezaji wa 1760 wamefungana kwa pointi 5. Zawadi zilizobaki ni ya nne, 80,000, na ya chini ya 1800, 120,000. Ukijumlisha na kugawa, kila mmoja anapata 100,000, na FM ameondoka na Sh 20,000 za daraja lisilo lake. Sahihi ni FM 80,000, mwenzake 120,000.

Hatua ya 7: Amua kuhusu ada ya ushiriki ya wenye vyeo

Ni kawaida kuwasamehe ada wenye GM, IM au FM. Andika kama msamaha ni wa moja kwa moja au ada itakatwa kwenye zawadi. Kama ada ni Sh 20,000 na kanuni inasema itakatwa, FM aliyeshinda 500,000 anapokea 480,000. Mwambie siku ya usajili. Akiisikia kwa mara ya kwanza akiwa ameshika bahasha, huo tayari ni ugomvi.

Hatua ya 8: Hakiki kila mchezaji

Mtafute kwa namba ya FIDE kwanza, siyo kwa jina. Mbeya na Rungwe zimejaa majina yanayoanza na Mwa-, na Njombe akina Sanga hawahesabiki. Kama hana namba, mtafute kwa jina la ukoo, kisha kwa jina la kwanza, kisha jaribu tahajia nyingine, halafu linganisha mwaka wa kuzaliwa na shirikisho. Usijibu "hana reitingi" kabla ya kujaribu njia zote tatu.

Angalia mambo manne kwenye ukurasa wake: cheo, reitingi tatu, mwaka wa kuzaliwa, historia ya reitingi. Mchezaji asiyecheza mchezo wowote wa reitingi kwa mwaka mzima huwekewa alama ya kutokuwa hai. Reitingi yake bado ipo na bado inahesabika. Kutokuwa hai hakumgeuzi kuwa asiye na reitingi.

Wanafunzi wanaotoka nje ya mkoa kuja kusoma MUST au Mkwawa huleta swali jingine kama una zawadi ya "mchezaji bora wa mkoa". Amua mapema kama mkoa ni anapoishi sasa, anapozaliwa au klabu yake ilipo. Tunashauri anapoishi, kwa kitambulisho cha chuo au barua ya serikali ya mtaa.

Hatua ya 9: Bandika orodha ya wanaostahili

Kabla ya raundi ya kwanza, bandika ukutani jedwali lenye jina, cheo, reitingi, na alama ya kila daraja analogombea mchezaji. Tangaza: "Pingamizi zipokelewe hadi mwisho wa raundi ya pili." Mwamuzi mkuu atie saini na aandike saa. Hii kazi ya nusu saa inaokoa jioni nzima. Piga picha jedwali hilo likiwa ukutani, uitume kwenye kundi la WhatsApp la mashindano.

Hatua ya 10: Kokotoa

Anza juu ya orodha ya mwisho, shuka mmoja mmoja. Kila unayemfikia, mpe zawadi kubwa kuliko zote anazostahili ambazo bado hazijachukuliwa. Usianze na madaraja. Huu ni mfano wa raundi 7, kwa mpangilio wa orodha:

1. FM wa 2150, pointi 6.5
2. CM wa 1790, pointi 5.5
3. Asiye na cheo, 1910, pointi 5.5
4. WCM wa 1640, pointi 5
5. Asiye na cheo, 1850, pointi 5
6. Asiye na cheo, 1760, pointi 5
7. Asiye na reitingi, pointi 4.5
8. Kijana wa miaka 15, 1720, pointi 4.5
9. Mwanamke asiye na reitingi, pointi 4

Watatu wa juu hawana shida: 500,000, 300,000 na 200,000. CM hana haja na daraja la chini ya 1800 maana nafasi ya pili inalipa zaidi. Mgogoro unaanza kwa wa nne.

Chini ya Njia C, WCM anastahili ya nne (80,000), mwanamke bora (100,000) na chini ya 1800 ya kwanza (120,000). Anachukua 120,000. Ya nne inashuka kwa mwenye 1850. Mwenye 1760 anabaki na chini ya 1800 ya pili, 60,000. Mwanamke bora, 100,000, inakwenda kwa yule wa namba 9.

Chini ya Njia B, WCM hana daraja la chini ya 1800, kwa hiyo anachukua mwanamke bora, 100,000. Mwenye 1850 anapata ya nne vilevile. Mwenye 1760 sasa anapata 120,000. Chini ya 1800 ya pili inashuka: kijana wa namba 8 anaistahili, lakini zawadi yake ya umri ni 80,000, basi anachukua hiyo, na 60,000 inakwenda kwa mwenye reitingi ya chini ya 1800 anayefuata. Mwanamke wa namba 9 anakosa ya mwanamke bora.

Ubao uleule, matokeo yaleyale. Sentensi moja kuhusu WCM imemwongezea mwenye 1760 Sh 60,000 na kumwondolea mwanamke wa namba 9 Sh 100,000. Ndiyo maana haiwezekani kuiandika baada ya raundi ya mwisho: wakati huo kila mtu ukumbini anajua inamnufaisha nani.

Watu wawili wakokotoe kila mmoja kwa karatasi yake, kisha walinganishe. Jumla ya waliolipwa lazima iwe sawa na mfuko wa zawadi, 1,500,000 kwa mfano wetu.

Hatua ya 11: Lipa

Tangaza orodha, subiri dakika 15 za pingamizi, ndipo ulipe. Mchezaji asaini jina, kiasi na tarehe. Ukilipa kwa M-Pesa au Airtel Money, amua mapema kama unatuma na ya kutolea. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kubonyeza namba ya siri ndilo lililo kwenye fomu. Kwa mgeni wa Zambia au Malawi asiye na laini ya Tanzania, tayarisha fedha taslimu.

Ukiwa mchezaji

Una cheo: kiandike kwenye fomu hata kama hujaulizwa, na uliza kwa maandishi, kabla ya kulipa ada, kama unastahili zawadi za daraja. Jibu la WhatsApp la mwandaaji lihifadhi. Kama mashindano yana kundi B la chini ya 1800 lisilopokea vyeo, usiingie huko kwa kutegemea kwamba hakuna atakayekujua. Tovuti ya matokeo ya Chess-Results na ukurasa wako wa FIDE viko wazi kwa kila mwenye simu.

Huna cheo: soma jedwali la ukutani, hakikisha umewekewa alama kwenye daraja lako. Ukiona mtu hastahili, mwone mwamuzi mkuu ndani ya muda wa pingamizi, na namba ya FIDE ya mhusika mkononi. Malalamiko ya jumla kwamba "yule ni mkali sana" hayana pa kuandikwa.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyamaliza

*Kanuni hazikutaja vyeo kabisa.* Mwenye cheo anastahili kila zawadi ambayo reitingi yake inaruhusu. Usiongeze kifungu katikati ya mashindano, hata wachezaji wengi wakipiga kura.

*Raundi ya nne imegundulika kuwa mchezaji ni CM na hakuandika.* Pointi zake na za wapinzani wake zinabaki. Raundi hazipangwi upya. Rekebisha jedwali la wanaostahili, libandike upya, mwamuzi asaini.

*Zawadi imeshalipwa kwa asiyestahili.* Iombe irudi kwa maandishi. Ikikwama, mwandaaji ndiye anayemlipa mwenye haki. Usipunguze bahasha za wengine kufidia.

*Mashindano yameanza tarehe 30 na kumalizika tarehe 1, reitingi zimebadilika katikati.* Orodha ya siku ya raundi ya kwanza ndiyo inayotumika hadi mwisho. Aliyekuwa 1790 akawa 1812 bado ni wa chini ya 1800.

*Asiye na reitingi anawapiga wote.* Rudia utafutaji wa hatua ya 8 ukianza na mashirikisho ya jirani. Usipompata, ni mgombea halali wa nafasi na wa zawadi ya wasio na reitingi. Si mgombea wa chini ya 1800, isipokuwa kanuni zako zilisema hivyo. Asiye na reitingi hana namba, na asiye na namba hayuko chini ya namba yoyote.

*Mchezaji ameondoka kabla ya raundi ya mwisho kuwahi basi la Makambako au Songea.* Fuata kanuni uliyoandika. Inayofaa ni hii: aliyeaga mwamuzi anabaki na haki ya zawadi kwa pointi zake, aliyetoweka bila kuaga anaipoteza.

*Mfadhili ametoa pungufu ya alichoahidi.* Kama tangazo lilitaja kiasi bila masharti, unalipa kiasi hicho. Kama huna uhakika wa fedha, tangaza tangu mwanzo kwa asilimia: mfano asilimia 70 ya ada zote zitakuwa zawadi, na kila zawadi iwe sehemu yake ya hizo. Wachezaji 60 kwa ada ya 20,000 ni 1,200,000, zawadi ni 840,000. Bandika idadi ya waliolipa kabla ya raundi ya pili ili kila mtu apige hesabu mwenyewe.